Jina Lililomnyamazisha

Jumapili, 9 Machi 2025
Mtoto analia tu. Homa hana, tumbo sawa, daktari wa hapa Ruiru haoni kitu. Mume wangu Githae yuko shifti kiwandani, Thika. Nami nina mtihani wa falsafa! Nimesoma naye begani: hatuvijui vitu vilivyo vyenyewe, tunavijua jinsi vinavyotuonekea tu. Akautapikia ukurasa huo.

Jumatano, 12 Machi
Mama amepiga simu kutoka Webuye. Eti kilio hicho si ugonjwa — kuna marehemu wa ukoo anataka jina. Niwataje wafu wetu mmoja mmoja, atakayemnyamazisha ndiye. Nilimcheka. Githae naye akasema mtoto ana jina tayari, la baba mkwe wangu, linatosha.
Simu ya kaka yangu Absalom bado imezimwa. Tangu apeleke lori Juba, kimya. Labda ni netiweki.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeshindwa, nimewataja. Babu Wafula. Shangazi Nekesa. Wapi! Kisha jina la Absalom likanitoka, maana kutwa nzima nilikuwa nikimuwaza yeye.
Mtoto akanyamaza. Akanitazama, akalala.
Hutajwa wafu tu. Aliye hai hatajwi kamwe! Nimefanya nini mimi?

Ijumaa, 14 Machi
Mama sijamwambia. Najitetea kama niko kwenye mtihani: nilichoona ni mtoto kulala, hayo mengine akili yangu imeyaunga yenyewe. Sawa. Mbona basi chai imenishinda? Mama akiwa sahihi, kaka yangu amekufa. Mwalimu wa falsafa akiwa sahihi, sijui lolote. Naogopa. Nataka simu yake iite, basi.

Jumamosi, 15 Machi
Analia tena tangu mchana. Githae yuko nyumbani, nimemweleza yote. Hakunicheka, namshukuru kwa hilo. Anasema tulitaje jina hilo tena: mtoto akiendelea kulia, tutajua ilikuwa bahati tu, nami nitapata amani.
"Na akinyamaza?"
"Hawezi, Naliaka. Huyo ni mtoto, alikuwa amechoka tu."
Mimi, niliyeandika insha nzima kwamba siamini nisichokiona, nimemshika shati nikimsihi asithubutu. Ameutoa mkono wangu polepole.
Nimempigia Absalom tena. Mteja hapatikani. Naandika ili mikono ipate kazi. Githae amembeba mtoto, amesimama naye dirishani, anamsogelea sikioni —
Lia, mwanangu. Usinyamaze. Lia