Bitana ya Suti ya Harusi

Gisenyi, Oktoba

Mdogo wangu Mucyo,

Salamu nyingi zikufikie huko Kigoma, wewe na baba mdogo na wote wa karakana yake. Natumaini kikohozi chako kimepona na kwamba unakula chakula cha moto, si mikate tu kama ulivyozoea. Sisi hapa tunamshukuru Mungu, ingawa shukrani yenyewe ina maelezo yake. Mvua zimeanza, sambaza, dagaa wetu wa ziwani, wameadimika sokoni, na Mama ana hamu ya kula kuliko mimi.

Utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Lakini simu ya nyumba hii inakaa kwenye mfuko wa sketi ya Mama, na yeye haongei nayo ila kwa spika, mpaka majirani wanajua umekula nini. Na mimi unanijua, hata chumvi ya dukani naionja kabla ya kulipa. Barua nimempa Vénuste, dereva wa lori, nikaishona bahasha kwa mshono ninaoujua mwenyewe. Ukikuta uzi umekatwa na kushonwa upya, niambie, kwao napajua yule.

Uliniomba nimchunguze mke wako, kisha nikwambie kama arudishwe kwao Mudende au abaki. Nimechunguza. Sasa kaa kitako usome, usiruke kurasa.

Yote yalianza na maziwa, kiangazi kile baada ya wewe kuondoka, wakati vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Mama alirudi kutoka kanisani pamoja na Donatha, huyu jirani yetu muuza samaki. Mkeo Ingabire alikuwa sebuleni amejifunika lile blanketi la nailoni ulilomnunulia Goma, amekaa kwenye kochi ambalo Mama amekataa kabisa kulitoa plastiki yake. Akainuka kwa adabu, akamimina maziwa kutoka kwenye chupa ya chai hadi kwenye kikombe cha bati, akaonja kwanza kama desturi yetu inavyotaka, ili mgeni aone hakuna sumu. Kisha akamtolea Mama, mkono wa kushoto ukishika kiwiko. Kabla vidole vya Mama havijagusa kikombe, cheche ikaruka, pa! Mama akapiga yowe, kikombe kikaanguka, maziwa yakatapakaa sakafuni.

Mdogo wangu, maziwa kumwagika mbele ya mkwe ni mkosi, tena mbele ya Donatha! Yule mama aliangalia sakafu, akamwangalia Ingabire, akasema kwa ile lugha yake ya Goma: "Uyu muke iko na kitu mu mikono." Akajifunga kitenge na kwenda zake, na kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa na habari.

Tangu hapo kila Ingabire alipomkumbatia Mama kumsalimia, cheche. Akivua lile blanketi, nywele zinamsimama na kitu kinalia kama kuni mbichi. Mama akaacha kula alichopika yeye. Akasema lisemwalo lipo. Na mimi, kwa sababu uliniomba, nikaanza kumfuata. Nilinusa sufuria zake. Alipokwenda kuchota maji nilifungua mfuko wake, nikakuta sabuni, rozari na picha yako umenuna. Nilimtazama mikono mpaka akawa anaificha chini ya kanga. Hakusema neno, na kimya chake kilinifanya nimshuku zaidi. Nilijiambia kwamba asiye na hatia angelia.

Na kabla hujaniomba hayo, Mama alikuwa amekupigia. Unakumbuka ulichojibu? Ulisema kama Mama hawezi kuishi naye, basi afungashe arudi kwao. Ulisema hayo kwenye spika, Mucyo. Mkeo alikuwa hapohapo anachambua maharage. Alimaliza kuchambua, akaosha mikono, akaingia ndani, akafunga nguo zake kwenye mfuko na kuuweka mlangoni. Aliniambia hatatoka kwa maneno ya kusikia, atatoka siku mume wake atakapomwambia yeye mwenyewe. Wewe hukumwambia. Ulinituma mimi nipeleleze.

Basi akaja kwenye cherehani yangu Jean Bosco, mwalimu wa fizikia, kupunguziwa suruali. Alinikuta nang'ang'ana na vipande vya bitana, kile kitambaa laini cha ndani ya koti, vilivyoninata mikononi, nikilalamika kwamba siku hizi hata vitambaa vimerogwa. Alicheka sana. Nilimweleza habari ya wifi yangu, nikitazamia naye atatikisa kichwa. Badala yake akaomba kitana cha plastiki, akajichana, akakisogeza karibu na vinyuzi vilivyokuwa mezani. Vinyuzi vikasimama, vikarukia kitana kabla hakijavigusa.

Alisema huo ni umeme tuli. Vitu viwili vikisuguana, chaji ndogo zisizoonekana huhama kutoka kwa kimoja kwenda kwa kingine, kimoja kikabaki na ziada na kingine na upungufu. Kuzunguka kitu chenye chaji kuna uga, eneo ambalo nguvu yake inafika hata pasipo kugusa, ndiyo maana vinyuzi viliitika kwa mbali. Nailoni juu ya plastiki, miguu ndani ya kandambili, hewa kavu, chaji haina pa kutorokea. Inangoja mtu wa kuguswa. Inaruka mara moja, inauma kama kiroboto, imekwisha. Akaongeza kwamba maji ndiyo dawa yake, maana penye unyevu chaji huvuja taratibu, na mkono uliolowa hautoi cheche.

Sikumwamini. Kwa nini nimwamini mtu ambaye hajalipia suruali ya kwanza? Nilimvuta mpaka sebuleni, nikalichukua blanketi mwenyewe, nikajisugua kwenye kochi, nikainuka na kumnyooshea Mama kidole. Pa! Mama akaruka. Nikamuuliza kama na mimi mwanawe wa kumzaa ni mchawi. Alininunia kidogo, kisha akacheka mpaka akafuta machozi, na siku ile akala ugali wa Ingabire. Ingabire alitabasamu, lakini mfuko hakuutoa mlangoni.

Ningeweza kuishia hapo na kukuandikia kwamba mkeo ni safi. Shida ni kwamba tulifurahi kupita kiasi. Kila kilichouma katika nyumba hii tukakiita umeme tuli. Mama alikuwa anajikuna tu na kusema, ah, ni chaji. Mvua ya kwanza iliponyesha, Ingabire alitoka kuanua nguo, akarudi akisema ule waya wa kuanikia umemtetemesha mkono. Mama akamtania: "Ni blanketi lako tena, mke wa mwanangu." Na mimi nilicheka pamoja naye, nikarudi kwenye cherehani.

Nilishona upindo mmoja, mkono ukasimama. Hakuwa amevaa blanketi. Mikono yake ilikuwa imelowa, na mwalimu alisema mkono uliolowa hautoi cheche. Tena alisema umemtetemesha, na umeme tuli hautetemeshi, unaruka mara moja na kwisha. Kinachoendelea kutetemesha ni mkondo, umeme unaopita kama maji ya bomba, nao hauchoki mpaka uufunge. Niliinuka mbio.

Nilipofika mlangoni, mvua ilikuwa imekatika na Mama alikuwa anaelekea kwenye waya ule, peku kwenye tope, amekumbatia shuka lililolowa ili alianike upya. Nikapiga kelele. Ingabire alikuwa karibu zaidi, akalinyakua shuka kutoka mikononi mwake na kumsukuma kando. Upepo ukalipeperusha, pindo la shuka likapiga waya. Nilimwona mkeo akikakamaa amelishika, mdomo wazi, sauti haitoki. Nilikimbilia swichi kuu nikaizima, naye akaanguka kwenye tope mithili ya nguo iliyotoka kwenye kamba.

Mucyo, nilidhani amekufa. Nalisema wazi, nililia kama sijawahi kulia. Lakini alipumua. Hospitalini wauguzi walimkagua moyo wakasema uko sawa, kiganja kimeungua na kitapona. Mama alikaa naye kitandani, amemshika ule mkono mwingine, aliouogopa kiangazi kizima.

Sasa nikatafuta mwenye kosa. Kwa tabia yangu sikwenda mbali, nilimfuata Donatha, kwani nyaya zake zinapita juu ya ua wetu, na aliyeanzisha maneno ndiye huanzisha na mengine. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba ameunganisha umeme wake kwetu na nusura atuulie mtoto wa watu. Hakugombana. Alifunika samaki wake, akasema: "Mi siko mwizi, Gatesi. Angalia kwanza ku manjanja yenu." Alikuwa anaonyesha mabati ya banda la kuku.

Nilipanda ngazi, swichi ikiwa bado imezimwa. Ule waya wa kuanikia umefungwa kwenye msumari wa bati, na juu ya bati hilohilo unapita waya wa taa ya kuku, ulioungwa katikati. Kwenye kiungo hapakuwa na utepe wa nyaya. Palizungushiwa kitambaa. Wakati wa jua kitambaa kilikuwa kikavu na kilizuia umeme, mvua iliponyesha kikalowa, umeme ukashuka kwenye bati, ukafuata msumari hadi kwenye waya wa nguo.

Kilikuwa na masizi, lakini fundi anakijua kitambaa chake. Ni bitana ya buluu, Mucyo, masalio ya suti yako ya harusi. Ulinijia siku chache kabla hujaondoka ukaniomba kipande, ukasema unataka kufutia viatu. Jioni ile taa ya kuku ikawaka, na wote tukakupigia makofi kwamba tuna fundi nyumbani. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kiangazi chote nilipekua mfuko wa mgeni, kumbe nilitakiwa kupekua vitambaa vyangu.

Nilishuka nikiwa nimekificha mkononi. Ingabire alikuwa amekaa kizingitini, kiganja kimefungwa bandeji. Alikiona, akakitambua kabla sijasema kitu, maana siku ya harusi alicheza akiwa ameushika ubavu wa koti lile kwa ndani. Aliniomba nikichome. Aliniomba Mama asijue kamwe, aamini ni panya aliyetafuna waya, kwa sababu Mama akijua kwamba nusura auawe na kazi ya mwanawe hatalala tena. Nilimuuliza kwa nini akufichie wewe, ambaye ulitaka kumfukuza kwa ajili ya cheche ya blanketi. Alijibu kwamba hukufanya kwa ubaya, ni kutojua tu, na mtu haadhibiwi kwa kutojua. Kisha akanitazama usoni, nami nikakitia kitambaa mfukoni.

Kiungo amekuja kukirekebisha fundi wa kweli, na waya wa nguo tumeuondoa, sasa tunaanika kwenye kamba ya katani. Mama nimemwambia ni panya. Kitambaa sikukichoma. Nimekishonea ndani ya bahasha hii, upande wa kulia, kitafute kwa kidole. Mkeo aliujua mkono uliofunga kile kiungo, na akakusamehe siku hiyohiyo. Wewe ulipewa cheche tu, ukataka kumfukuza.

Mfuko wake bado uko mlangoni. Kila asubuhi naukwepa nikienda kufagia.

Mama anakusalimu, Jean Bosco pia, na hata Donatha, ambaye nimemwomba radhi na kununua samaki wake wabovu. Msalimie baba mdogo na watoto wote. Ukimaliza kusoma, usinijibu kwa barua. Piga simu ya Mama, wakati sote tumekaa sebuleni, na uombe kuongea na mkeo. Usiogope spika. Ulichosema mara ya kwanza tulikisikia wote, na hiki nacho tunataka kukisikia.

Ni mimi dada yako anayekupenda hata akikukasirikia,

Gatesi