Tulibishana Kama Tuingie

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mgongo umekuachia kidogo, na Mama bado anakuficha chumvi kama daktari alivyoagiza. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio sina uhakika nao, na sababu utaiona huko chini. Nitampa Shangazi akuletee mkononi, maana siku hizi posta bahasha hufika zimefunguliwa. Tafadhali isome peke yako, mlango ukiwa umefungwa.

Barua yako niliipata. Uliniandikia kwamba jirani anayewatesa ndugu zetu ng'ambo ya mto lazima afunzwe adabu, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba mimi nibaki na meno ya watu, siasa niwaachie wenyewe. Hapo kwenye meno nilicheka. Lakini Baba, siasa mimi sikuitafuta, imenifuata kazini.

Tangu mwezi uliopita kliniki yetu imechukuliwa na jeshi. Wagonjwa wa kawaida wanaambiwa warudi baadaye, na shavu limevimba hivyo hivyo. Wanajeshi huletwa kwa malori, wanapanga foleni kwenye korido, na kazi yangu ni kumshikia daktari taa, kufyonza mate, na kuandika hali ya kila jino. Daktari wangu, yule tunayemwita Koleo, anapenda kuongea, na wagonjwa wake hawawezi kumjibu kwa kuwa vinywa viko wazi. Basi anahubiri asubuhi mpaka jioni. Anasema hatuendi kuteka nchi ya mtu, tunakwenda kuokoa watu, na kwamba anayemwona jirani akiua akanyamaza, naye ana damu mikononi.

Anayembishia ni muuguzi wetu wa sindano za ganzi, mama mmoja asiye na breki mdomoni. Yeye anauliza mbona mateso ya hao ndugu yana miaka mingi, lakini huruma yetu imeanza ilipoonekana shaba kwao. Alisema jirani akimpiga mkewe, haya, vunja mlango ukamwokoe. Ila ukitoka umebeba na kabati, usiseme ulikwenda kuamua ugomvi. Koleo akamjibu kwamba aliyeokolewa ameokolewa, hakagui mifuko ya aliyemwokoa. Neno hilo nalo lina uzito wake. Sajini aliyekuwa akisubiri zamu akadakia kwamba tusipowapiga sisi, watatupiga wao. Muuguzi akataka ushahidi. Sajini akasema ushahidi tutaukuta huko huko tukishafika, na sote tukacheka, hata yeye mwenyewe.

Nilikuwa nayumba, Baba. Asubuhi nilikuwa upande wa Koleo, mchana nimeshahamia kwa muuguzi. Siku moja nikamuuliza Koleo kwa nini tunaandika hata meno mazima, wala hatuyatibu. Kwa mara ya kwanza mahubiri yakakatika. Alinawa mikono muda mrefu, halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtu akiungua, meno hubaki, na watu wake watataka kujua ni yupi. Tangu siku hiyo kila kijana anayepanua kinywa mbele yangu naogopa kumtazama machoni.

Sasa nisikuzungushe. Kitindamimba wako hayuko kwenye mazoezi ya kijeshi na kikosi chake kama redio inavyosema. Yuko hapa. Amejikunyata kwenye stoo ya kliniki, nyuma ya ukuta wa mbao, na upande wa pili wa mbao hizo ndiko foleni ya wanajeshi inakopita. Nasikia wakitaniana, wakiegemeza migongo pale pale. Akikohoa tu, tumekwisha sote wawili.

Alinijia wiki iliyopita bila viatu, miguu imechanika. Kikosi chake kilivushwa mto zamani. Sisi tulibishana kama tuingie, na redio ikasema mazungumzo yanaendelea, kumbe tulishaingia. Huko waliambiwa watapokewa kwa vigelegele. Yeye akatumwa kupekua nyumba moja, akakuta chakula mezani bado kinatoa mvuke, na chini ya kitanda mzee mmoja na wajukuu zake. Mzee yule aliongea lugha yetu ya nyumbani kabisa, Baba. Ni hao hao ndugu tuliokwenda kuwaokoa. Alimwita mwanangu, akamsihi achukue godoro, achukue chochote, ila watoto asiwaue. Mwanao anasema alijikuta amemwamkia shikamoo, bunduki iko mkononi. Mzee akaitikia marahaba. Nje amri ilikuwa imeshatoka kwamba safu nzima ya nyumba zile ichomwe. Akawatoa kwa mlango wa jikoni, kisha naye akaendelea kutembea, hakurudi tena.

Nilimuuliza kama tulidanganywa tu. Akasema hapana, mabaya ya watawala wa kule ng'ambo ni ya kweli, makaburi ameyaona kwa macho yake. Ila sasa na sisi tunachimba ya kwetu. Jibu la hilo sijui kama wewe unalo.

Askari wa jeshi watakuja kumtafuta kwako kwanza. Nakujua, Baba. Huyu kitindamimba wako alipochukua pampu ya baiskeli ya jirani bila ruhusa, ulimburuta kwa sikio mpaka kwa mwenyewe. Hujawahi kusema uwongo, na sisi wanao tumetembea na sifa hiyo kama nguo mpya. Ndiyo maana hao askari nawaogopa, lakini wewe nakuogopa zaidi. Sikuombi ubadili mawazo kuhusu vita. Amini unachoamini. Nakuomba useme hujamwona wala hujasikia habari zake, basi. Wakimpata hawatamuuliza habari za yule mzee, watampiga risasi.

Mama mwambie mwanawe anakula vizuri, mahali alipo usimtajie. Wasalimie majirani kwa uchangamfu wako wa siku zote, wasije wakakushuku. Barua hii ichome.

Hapa stoo hawezi kukaa sana. Leo asubuhi ameniuliza kama akifika nyumbani akagonga, utamfungulia. Nimemjibu upesi kwamba utamfungulia, kwa sababu alikuwa ameanza kulia na mbao hizi ni nyembamba. Sijui kama nimemwambia kweli.

Ni mimi binti yako mkubwa, ninayekupenda na kukuogopa.