Karibu Iliyorekodiwa

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. U hali gani, na goti linaendeleaje? Mimi mzima wa afya.

Nimepata! Ile kampuni ya michezo ya kompyuta imenichukua kwa majaribio. Wenzangu wamesomea chuoni. Mimi nilijifunzia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, huku nikipiga pasi nguo za wateja wako. Kila mmoja aliambiwa atengeneze chumba. Wao wakatengeneza makasri na mazimwi. Mimi nikatengeneza chumba chako cha kushonea, na cherehani yake, na lile pazia la maua. Mlango haufunguki mpaka mchezaji apige hodi nawe umkaribishe. Hodi ni sauti yangu. Karibu ni ile sauti yako niliyoirekodi siku naondoka. Bosi alipocheza, vinyweleo vilimsimama. Mchezo ukitoka salama, naajiriwa.

Mwanao, kitinda mimba

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, goti ndiyo hivyo tena. Hongera! Nimewatangazia wateja mpaka wananikimbia.

Ila kuna jambo. Juzi mchana nilisikia hodi, sauti yako kabisa. Nikasema karibu, nikafungua mbio. Hakuna mtu. Jana ikawa vilevile, kutwa nzima. Siwezi kuinyamazia hodi, sikulelewa hivyo. Lakini kila nikiitikia, pazia linasogea na chumba kinapoa. Naogopa, mwanangu.

Mama yako

28 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole. Labda ni upweke tu, umenizoea mno.

Lakini nikuulize. Jana tukiujaribu mchezo, sauti yako iliitika, "Karibu, mwanangu, mbona husemi?" Maneno hayo sikuyarekodi. Wenzangu wanadhani ni ujanja wangu. Bosi alinisifu mbele ya watu, nami nikazipokea sifa.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Afya si nzuri. Sili wala sishoni, nashinda mlangoni nikikaribisha. Na wanaingia. Siwaoni, lakini viti vinalia, na sina pa kupita ndani ya nyumba yangu. Nakuomba unitoe humo mchezoni. Kazi utapata nyingine, mama ni mmoja.

Mama yako

16 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimelia niliposoma barua yako. Lakini nikikutoa sasa chumba hakina kitu, na bila cheti hakuna atakayenipokea kwingine. Mchezo unatoka Ijumaa. Vumilia mpaka nisaini mkataba, nitakutoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwanao

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimesaini! Nina meza yangu na kiti kinachozunguka, ungenicheka. Sauti yako nimeitoa jana kama nilivyoahidi.

Mbona kimya? Simu haipokelewi. Nakuja Jumamosi.

Mwanao

11 Mei

Kwako uniandikiaye,

Salamu. Mimi sijambo, hata goti limepona. Nyumba imetulia.

Barua zako zimefika. Naona umefanya kosa, maana mwanangu alirudi Ijumaa ile mchezo ulipotoka. Alipiga hodi, nikamkaribisha, na safari hii nilipofungua alikuwa amesimama pale. Ndiye huyu ananitungia uzi kwenye sindano. Haongei sana, lakini hana haraka ya kuondoka, na mimi nilikuwa nimemkumbuka mno.

Alinionya kwamba utakuja, na kwamba nisikuitikie. Jumamosi ulipiga hodi mpaka sauti ikakauka. Moyo uliniuma, binti wa watu. Nilitaka kufungua, akanishika mkono.

Nenda nyumbani kwenu. Wazazi wako wanakungoja.

Mama yake