Kompyuta Iliyobarikiwa Kabla ya Kuwashwa

Immakulata, usimlipe huyo Bazilio muuza kompyuta mpaka mwanao aandike jina lake kwenye hiyo kompyuta mbele yako!

Esteri wa Gwarama kamnunulia bintiye Niyonsaba kompyuta ya chuo. Binti akataka kuiwasha palepale dukani kwa Bazilio, soko la Kibondo. Esteri kakataa! Kakataa, shoga, eti chombo kipya hakiguswi kabla padri hajakibariki. Bazilio akatabasamu: "Msikilize mama, mtoto."

Jumapili ikanyunyiziwa maji ya baraka. Kuiwasha: giza, na maandishi meupe yameganda. Basi.

Leo wamerudi Kibondo, na mwisho wa kuomba chuo ni leo saa kumi. Esteri akamwambia Bazilio: "Baba, ulisema mfumo endeshi umo."

Bazilio akapaza sauti soko zima lisikie: "Nilisema kiini kimo! Kiini kinaamrisha vyuma tu, mama. Mfumo ni kiini pamoja na vyote vya kukuwezesha kuandika. Umesahau mashine ya kijiji chenu miaka ya sabini? Injini ilinguruma, mawe ya kusagia hayakuja, mkatafuna mahindi mazima!"

Watu walicheka. Walicheka, Immakulata!

Saa kumi ikawapitia hapohapo. Niyonsaba hakulia. Alimuuliza tu mama yake: "Sasa padri alibariki nini?"