Kiko cha Kwanza Mbele ya Mwinjilisti

Fidelia mwenzangu, nimeaibika sokoni Makambako!

Nilikuwa nachagua kiko changu cha kwanza, cha udongo, cha bei nafuu. Muuzaji akasema, "Bibi, kivute kitupu uone kama hewa inapita." Nikakitia mdomoni.

Nageuka, Mwinjilisti Ebeneza huyu hapa! Na Jumapili ndiyo ananisimika kuwa mwenyekiti wa akina mama!

Nikamwambia, "Namnunulia mzee wangu."

Mzee wangu! Fidelia, si Mwinjilisti mwenyewe aliyemzika mume wangu mwaka juzi?

Akanitazama weee. Nikajua uenyekiti umekwenda.

Akasema polepole, "Basi mwambie mzee, hicho cha udongo kitamuunguza midomo. Achukue cha mti."

Nimechukua cha mti. Jumapili uje na vigelegele.