Mkono wa Baba na Ile Mashine ya Wajawazito

Wawira, uko? Tumetoka hospitali saa hii na hasira bado haijaniisha.

Unakumbuka vile mkono wa baba uliisha nguvu 1997, baada ya kesi ya shamba kule Kiambere? Na anko Njura akaambia ukoo mzima ati huo ndio mkono baba aliinua akiapa uongo?

Leo daktari ameupaka jeli, akapitisha ile mashine ya wajawazito. YA WAJAWAZITO, Wawira! Dakika kumi tu! Kwa skrini neva zimevimba kama kamba. Akasema ni kinga ya mwili inashambulia neva, na iko na dawa.

Ati laana! Tukachinja mbuzi wa kumtakasa, na Njura ndiye alikula nyama kuliko wote.

Nimempigia. Unajua ameniambia nini? "Mashine haiwezi kuona kiapo." HAIWEZI KUONA KIAPO! Yeye aliona na nini, darubini?

Na sijakwambia ya baba. Ameangalia hiyo skrini, halafu akamuuliza daktari polepole, "Kwa hivyo sikudanganya?"