Neno Moja la Kamati

Dodoma,
6 Novemba 1994

Mwangaluka, Baba,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mama, na kwamba mguu wa mdogo wangu Nyanjige umepona. Mimi mwili hauna shida.

Barua yako nimeipata. Unasema majirani wa Ngulyati wameshalima mashamba ya pamba, kwa kuwa uliwaambia binti yako ni karani bungeni na sheria mpya itawabana wanunuzi binafsi warudishe mbegu. Nimeisoma mara nyingi, Baba.

Kamati ilikaa siku tatu juu ya sentensi moja. Mheshimiwa Mboje, mbunge wa kwetu, alitaka iandikwe kwamba mnunuzi lazima arudishe mbegu, maana pamba ikishakwenda kuchambuliwa, mkulima habaki hata na punje. Mheshimiwa Marcelo, anayewatetea wanunuzi, akamjibu kwamba mfanyabiashara si mkwe, hadaiwi mahari. Mboje akamwambia basi asituchukulie binti. Walicheka wote, lakini hakuna aliyelegeza.

Siku ya tatu likapatikana neno. Mnunuzi atarudisha mbegu “inapobidi”. Mboje alifurahi, akasema sasa mkulima yumo ndani ya sheria. Marcelo naye alifurahi, akasema hakuna aliyelazimishwa. Wakapeana mikono, wakaenda kunywa chai. Bungeni haikuchukua hata robo saa. Walioitikia ndiyo walikuwa wengi.

Baadaye nilimuuliza Marcelo ni nani atakayeamua kwamba imebidi. Alinitazama kwa huruma, akasema ni mnunuzi, mwanangu, kwani kuna mwingine?

Baba, neno lile ni langu. Mwenyekiti alikuwa amechoka, akanigeukia, akasema binti huyu amesoma Kiswahili chuo kikuu, atupatie neno la kutupatanisha. Kwa siku tatu hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu. Nililiandika kwenye karatasi nikampa, wakanipigia makofi, na nikaona fahari. Ng'ombe uliyemuuza nikasome, hiyo ndiyo kazi aliyoifanya.

Sheria haifutwi na karani. Waambie majirani wapande mtama katika mashamba hayo, ingawa najua kwa wengi ni pamba inayolipa ada. Na wakianza kumtukana Mboje, wakatalie. Wape jina langu.

Msalimie mama, na Mayige, na wote watakaoniulizia kabla hujawasomea haya.

Ni mimi mwanao,
Nyamizi